Jinsi ya kuanzisha bustani ya sanamu hapa Mombasa, chumvi isikulie hela

Watu wengi huku kwetu wana kashamba kamekaa tu, robo eka Mtwapa, nusu eka Bamburi, ama kile kipande cha marehemu babu kule Kisauni ambacho kila mkikutana arusini mwabishana kiuzwe au kijengwe fleti. Iko njia ingine. Miti ibaki pale pale, upitishe vijia katikati, kazi za sanaa ziwekwe nje kwenye jua na mvua, pembeni kuwe na banda la mafundi wafanye kazi na wafundishe, na watu walipe kiingilio waje watembee. Wenzetu wanazo, Storm King kule New York iko tangu 1960, Yorkshire Uingereza tangu 1977, na zote mbili ni kama eka 500 kila moja. Wewe usitishike na hizo eka. Nusu eka yatosha ukiipanga.

Kwanza kabisa, usinunue sanamu. Najua ndo kitu mtu hukimbilia, aenda Changamwe alipia twiga wa futi nane, amleta kwa pikapu, kisha siku nzima azunguka nae shambani hajui amuweke wapi mpaka twiga avunjika sikio. Sanamu ni ya mwisho. Ya kwanza ni ardhi, ya pili kivuli, ya tatu njia, na ukishamaliza hizo tatu utashangaa shamba lenyewe lakuonyesha wapi pataka kitu na wapi hapataki kitu chochote, paachwe wazi.

Na usiseme shamba lako ni baya. Ile ardhi ya Storm King ilikuwa imechimbwa kokoto za kujengea barabara kuu, ikabidi waitengeneze upya vilima na nyasi ndo ikawa vile watu waona kwenye picha. Lakini kwani twaenda mbali ya nini na Haller Park iko hapa Bamburi? Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha simiti, mawe matupu, jua lapiga mpaka macho yauma. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, akaanza kupanda, akajaribu aina 26 za miti na zilizoshika ni tatu tu, mvinje, mnazi na konokapasi. Mvinje wenyewe ukamwaga majani yakajaa chini hayaozi, ndo akaleta majongoo, wakayala yale majani wakayageuza udongo, na juu ya huo udongo ndo miti mingine ikamea. Sasa ukienda leo huwezi kuamini. Kwa hivyo kama shamba lako ni jiwe la matumbawe lenye mashimo usililie, panda mvinje mstari mmoja upande wa upepo, subiri, na hapo chini usifagie majani kila siku kama uani kwa mamako.

Upepo nao usiudharau. Kabla ya kuweka chochote lijue shamba kwa misimu yote, kaskazi na kusi. Kaskazi yaanza Disemba hivi mpaka Machi, kavu, jua kali, huo ndo wakati wa kuchimba misingi na kumwaga zege. Masika ikija Aprili utaona maji yasimama wapi, weka vigingi kila penye dimbwi, manake hapo hapawekwi sanamu ya mti hata ukipewa bure. Na kusi ndo yaleta ule ukungu wa chumvi kutoka baharini, na ukiwa karibu na ufuo chumvi hiyo haibagui, yala dirisha, yala friji, yala geti, itaiacha sanamu yako kwa nini? Miche ipande masika inapokaribia, mvua ikumwagilie bure.

Miti mikubwa iliyopo isikatwe. Mkungu, mwembe, mkilifi, hivyo ndo vivuli. Mbuyu kama unao una bahati, uache peke yake, usiupigilie msumari hata wa taa, na usiweke sanamu kubwa karibu nao manake itashindwa. Minazi sasa ni habari ingine. Chini ya mnazi wenye nazi hapakai benchi, hapakai sanamu, hapakai mtoto wa shule. Ama uwe na mkwezi wa kuja kuangua kila baada ya muda, ama ubadilishe njia ipite mbali. Alafu kuna kunguru. Mombasa hii na kunguru tushazoeana lakini choo chao kikikaa kwenye shaba au chuma kilichopakwa rangi kinachimba, kwa hivyo ule mti wanaolala jioni ujue mapema na uupe nafasi yake.

Njia zisinyooke. Mtu akisimama langoni asione kila kitu, aone kimoja tu na kona. Kila sanamu ipe chumba chake cha miti, na kipimo rahisi ni kwamba kitu cha mita tatu chataka mtu asimame mita sita hivi kukiona chote bila kuinua shingo, kwa hivyo pima uwazi kwanza, sanamu baadae. Nusu eka usizidishe kazi saba nane kubwa. Ukijaza itakuwa duka la kandokando ya barabara, na maduka ya hivyo Mombasa hayajapungua.

Chini weka vumbi la mawe ya matumbawe lishindiliwe vizuri, si kokoto kubwa. Viti vya magurudumu havipiti kwenye kokoto, na pia bibi wa miaka sabini na ndara zake hapiti. Mteremko usizidi 1 kwa 12, yaani ukipanda sentimita 10 njia iwe na urefu wa sentimita 120. Kama wataka kuona vile mambo haya hupangwa, nenda Bombolulu pale barabara ya Malindi, mafundi wenye ulemavu wanafanya kazi pale tangu 1969, mapambo, ngozi, mbao, na ni watu wa kuongea nao kuhusu njia na pia kuhusu kazi za kuweka bustanini kwako.

Haya, sasa vifaa, na hapa ndo pesa hupotea kwa hivyo tukae kidogo.

Tuanze na mti. Wachongaji wa Kikamba wa Changamwe wana chama chao tangu 1963, na ufundi wenyewe husimuliwa kwamba ulianzishwa Ukambani na Mutisya Munge, alipotoka Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza akiwa amejifunza kwa Wazaramo. Zamani walichonga mpingo na muhugu mpaka misitu ikalia, ndo miaka ya 1990 kukawa na kampeni ya kuchonga mkilifi, mwembe na miti mingine ya shambani. Mkilifi ni mzuri na mchwa hawaupendi sana, ila ukichongwa mbichi ukawekwa juani wapasuka mpaka katikati. Muulize fundi gogo limekaa kivulini muda gani. Kama ni kubwa, atoboe moyo wa gogo kwa nyuma au chini, hapo ndo ufa huanza. Ncha zipakwe nta mapema zisikauke haraka kuliko tumbo.

Na kitu kimoja ukikumbuka kwenye habari ya mti kiwe hiki, mti usiguse udongo. Kamwe. Weka jiwe, juu ya jiwe kipande cha stenlesi kama pini, sanamu ikae juu yake na pengo la vidole viwili hewa ipite. Mchwa wa huku wanapanda usiku mmoja wajenga barabara yao ya matope na wewe wala huna habari, lakini pengo likiwepo utaiona ile barabara mapema uivunje. Mafuta ya linsidi paka kabla ya masika na baada ya masika. Mafundi wa majahazi hutumia sifa, yale mafuta ya papa, yashika kweli kweli lakini harufu yake wageni watarudi getini. Oili chafu ya gereji usipake, yaingia ardhini na visima vya jirani viko pale.

Chuma ndo kinapendwa na vijana, manake skrapu ipo, welda wapo kila kona ya Majengo na Magongo, na kazi yaisha haraka. Sawa, lakini chuma cha kawaida karibu na bahari chaoza haraka sana. Piga grainda mpaka kiwe cheupe, paka redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo usingojee kesho, kisha rangi ya mafuta mikono miwili, na kila mahali maji yanapoweza kukaa toboa tundu yatoke, mikono ya sanamu, mapaja, kofia, kote. Kile chuma cha kisasa ambacho huachwa kishike kutu chenyewe kisha kutu inakilinda, kile cha kule bara na Ulaya, huku usijaribu, chumvi haikiachi kitulie. Ukiwa na hela nunua stenlesi, na useme waziwazi wataka 316 si 304, hiyo 304 karibu na maji ya bahari hutoka madoa ya kahawia. Alumini nayo yavumilia, tazama Mapembeni pale Moi Avenue, yale mapembe ni alumini na yako pale tangu miaka ya 1950 na moshi wote wa magari. Ila alumini usiifunge na bolti ya stenlesi moja kwa moja, weka wosha ya plastiki katikati, la sivyo pale zinapogusana alumini italika.

Na wezi wa vyuma chakavu. Mwaka 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya skrapu kwa miezi kadhaa kwa ajili ya wizi wa mitambo ya stima, sembuse mguu wa shaba wa simba wako. Shaba weka ndani ya banda. Nje weka kitu ambacho mtu hawezi kukiuza kwa kilo.

Ndo mana mimi kwa anaeanza napendekeza simiti na mawe. Sanamu ya simiti ni fremu ya nondo, juu yake waya wa kuku mara mbili tatu, kisha simiti moja kwa mchanga miwili mpaka mitatu, yapakwa kwa mkono. Bei rahisi, haiibiki, haipandwi na mchwa. Lakini mchanga uwe wa mto, usichukue wa pwani hata kama uko mita mia kutoka kwako, ule una chumvi na chumvi yaingia kwenye nondo, nondo yavimba, simiti yapasuka kutoka ndani. Na maji pia! Hapa watu wengi hawafikirii. Visima vya Mombasa vingi ni maji ya chumvi na fundi atachota hapo hapo kwa sababu kiko karibu. Siku ya kuchanganya simiti leta maji matamu, ya mfereji au ya kununua kwa mkokoteni, hiyo gharama si kitu ukilinganisha na kuvunja kazi na kuirudia. Nondo ifunikwe kina cha kama sentimita 5 kwenye sehemu nene, na ikishapakwa ifunike magunia yaliyolowa siku saba, kila siku wamwagia, maji matamu hayo hayo.

Mawe ya matumbawe yachimbwayo nchi kavu ni mazuri mno na ni ya kwetu. Fort Jesus ilimalizwa 1596 na kuta zake bado zatazama bahari. Jiwe likitoka chimboni ni laini, shoka na patasi zaingia, na likikaa hewani laendelea kukaza, kwa hivyo mwambie fundi achonge mapema. Matumbawe hai ya baharini yaache baharini, ni makosa kisheria na pia samaki watakaa wapi. Jiwe la Kisii, lile la Tabaka, ni zuri sana na mchongaji Elkana Ong'esa ndege wake wa amani wa jiwe hilo yuko makao makuu ya UNESCO Paris, lakini ni laini, mtoto akipita na funguo achora jina lake. Liweke mahali mtu haligusi kirahisi, au ndani.

Msingi. Kwenye kisiwa na Bamburi mara nyingi ukichimba kidogo wakutana na jiwe, toboa jiwe uingize nondo na simiti, kwisha. Kwenye mchanga chimba zaidi na umwage pedi pana kuliko sanamu, manake upepo wa kusi ukishika kitu kipana kama bawa kinalala.

Sasa kuna jambo la majirani, na usilipite haraka. Mombasa ni mji wa Waislamu wengi na kuna watu watasikia "sanamu" wafikirie mambo mengine kabisa, washirikina wamekuja mtaani. Nenda kwa mzee wa mtaa, nenda msikitini uongee na imamu kabla lori la kwanza halijafika, waeleze ni nini na waonyeshe michoro. Na wala hujafungwa mikono, babu zetu walichonga karne na karne bila kuchonga mtu, tazama milango ya Mji wa Kale, ile minyororo, mawaridi, mitende, tazama nguzo za makaburi ya mawe ya Gede. Kazi ya maumbo na nakshi yaweza kujaza bustani nzima na kila jirani akaja na watoto. Ukitaka wanyama na watu weka upande wa ndani, si unaotazama njia ya msikiti. Hiyo ni adabu tu.

Na kigango usinunue. Nasema tena, usinunue kigango. Zile mbao za ukumbusho za wazee wa chama cha Gohu cha Kigiriama ziliwekwa kwa ajili ya marehemu, hazihamishwi, na nyingi ziliibwa zikauzwa Marekani mpaka leo zarudishwa moja moja, makumbusho ya Denver mwaka 2014 walisema watarudisha 30. Akija mtu na gunia na bei nzuri, mpigie simu Makumbusho ya Taifa. Kama wapenda hizo kazi, mwite mchongaji wa Kigiriama akutengenezee kitu chake kipya, alipwe, jina lake liandikwe. Na kama wataka kujua watu watembee vipi kwenye msitu wenye heshima, nenda Kaya Kinondo kule Diani, moja ya zile kaya za Mijikenda zilizoingia urithi wa dunia 2008. Wavishwa nguo nyeusi, waongozwa na mwenyeji, hukati tawi wala huchukui hata jani. Nusu ya sheria za bustani yako utazipata pale.

Banda la mafundi lijenge makuti, lina hewa na lapendeza, paa liwe na mwinuko mkali maji yateremke, likilala lavuja na kuoza upesi. Ila welding chini ya makuti hapana. Cheche moja tu. Ya welding iwe ya mabati, mbali, upande ambao upepo hauleti cheche kwa makuti, na ndoo za mchanga ziwe pale. Kelele za grainda ziwe na saa zake, asubuhi mpaka adhuhuri, jioni watu wataka kusikia mivinje.

Na wasanii andikianeni. Karatasi moja yatosha, kazi imeuzwa au imekopeshwa, ikopeshwe muda gani, ikivunjika nani atengeneza, ikiuzwa bustani yachukua ngapi, na picha zake kwenye fulana na kadi ni haki ya nani. Jina la msanii liwe kwenye kibao, na kibao kiwe kifupi, jina la kazi, msanii, kifaa, mwaka. Hadithi ndefu aeleze mwongozaji.

Habari ya hati za ardhi najua yauma huku kwetu. Kama uko kwenye ule mpango wetu wa nyumba yako shamba la mwenyewe, basi weka sanamu za kubebeka na misingi midogo, na ukubaliane na mwenye shamba kwa maandishi kwamba sanamu ni zako. Leseni ya biashara ni kaunti, na kama uko karibu na ufuo au wataka kukata na kuchimba sana, pitia NEMA, ile mamlaka ya mazingira, kwanza kabla ya kumwita fundi.

Kiingilio kiwe cha aina mbili, mwenyeji na mgeni, na cha mwenyeji kiwe kidogo kiasi mama na watoto wanne waweza kuja Jumapili kwa matatu bila kupiga hesabu ya wiki nzima. Weka till ya M-Pesa getini. Fungua mapema na jioni, saa sita mpaka saa tisa hakuna anaetembea juani Mombasa na sanamu za chuma saa hizo zachoma mkono, kwa hivyo funga, fundi wapumzike. Jumatatu funga siku nzima, hiyo ni ya kuosha, maji matamu na brashi laini, choo cha kunguru kwanza, chumvi baadae, kisha zunguka ukitazama barabara za mchwa na matone ya kutu.

Shule ndo zitakujazia siku za wiki, lakini usiite shule hata moja kabla hujajenga vyoo, vya wasichana mbali na wavulana, na maji ya kunawa. Basi la watoto sitini likishuka wote hawaulizi sanamu iko wapi.